Nilipofungiwa Safu ya Tatu

Maplewood, Minnesota
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Kazoua,

Kwanza nikuulize hali, maana miezi minne sijasikia sauti yako. Goti la kushoto linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umeificha sandukuni na vitenge vyako kama kawaida? Mpunga mmeshauvuna? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa dume au jike? Najua anayekusomea ni mwanao Chue. Chue mwanangu, msomee mama yako polepole, na ukifika mahali pagumu usiruke.

Mwandiko huu ni wa mkwe wangu Blia. Mimi kalamu naishika kama mpini wa jembe, unanijua, shule sikuiona hata ukuta wake. Nimemwambia aandike vilevile ninavyosema, hata pale nitakapomsema yeye mwenyewe. Amecheka. Haya, tutaona kama atacheka mpaka mwisho.

Sisi huku ni wazima kwa maana ya kutembea. Mwanangu Fue bado yuko kiwandani kulekule, amenenepa shingo. Watoto wake watano wanasoma, na wanakula kama nzige. Pilipili zangu za nyuma ya nyumba nimezichuma zote kabla ya baridi, nimezitunga kwenye uzi, nyingine anakuletea Bibi Chia, anayesafiri kuja huko, pamoja na barua hii. Majani yameshakuwa mekundu na kudondoka. Bado wiki mbili tatu theluji itafunga kila kitu.

Mimi mwenyewe siko sawa, Kazoua. Sitakuficha. Chakula hakishuki. Mchana nalala kama paka, na mikono yangu ni ya baridi hata nikishika bakuli la mchuzi wa moto. Ndiyo sababu ya barua hii. Lakini lazima nianzie kwenye gari, la sivyo hutanielewa.

Unalikumbuka gari letu la bluu, lile nililokutumia picha yake nimeegemea mlango kama bibi harusi? Limekufa. Lilikufa mwezi wa nane tukienda msibani kwa binamu yetu, katikati ya barabara kuu. Tulisimama kando watu wanane, na sufuria la wali, magari yakitupita yanapiga honi. Fue akapiga teke tairi, akaapa kwamba safari hii atanunua gari la maana, lenye safu tatu za viti, lenye nafasi ya kila mtu na mizigo yake.

Nami nililitaka gari hilo kuliko wote. Tangu baba yake Fue afariki na tuhamie huku Maplewood, mimi ni mtu wa kungojea. Nyumba ni nzuri, sisemi vibaya, ina joto na vyoo vitatu. Lakini kule mjini tulikokaa zamani nilikuwa natoka kwa miguu yangu, naenda sokoni, nagombana na wauza samaki, narudi nimefurahi. Huku hakuna duka wala basi. Asubuhi wakishaondoka wote, mlango unajifunga kwa sauti ndogo, na mimi nabaki na runinga inayosema lugha yake. Asiyeendesha gari huku ni kuku wa bandani. Analishwa vizuri, lakini yuko bandani.

Basi miezi miwili mezani kwetu habari ilikuwa moja. Fue na Blia walichambua magari mpaka yakabaki mawili. Kazoua, mawili hayo ni mapacha! Kiwanda kimoja, injini moja, matumbo ya ndani yaleyale. Wamebadilisha sura ya mbele tu na kubandika majina tofauti. Moja lina taa nyembamba kama macho ya mtu anayesinzia, jingine lina taa za mraba kama limeshtuliwa. Yote meupe, yote yametumika miaka mitatu, na yote yako kwenye yadi ileile. Mimi majina yao siwezi kuyatamka, nikayaita Sinzia na Shangaa. Siku mbili tu, nyumba nzima ikawa inaita hivyohivyo.

"Sinzia lina kioo juu mpaka nyuma," Blia anasema.

"Tunaangalia nini juu, ndege?" Fue anamjibu. "Shangaa lina buti refu."

"Kwa vidole vitatu!"

"Vidole vitatu ni gunia la mchele limelala vizuri, mke wangu."

Mimi hakuna aliyeniuliza. Mahali pangu napajua. Kwenye gari la familia, mbele wanakaa wenye leseni, katikati wanakaa wanaotapika, na nyuma kabisa wanarundikwa wadogo na wazee.

Jumamosi ya tarehe tano tukaenda yadini kwa gari la kuazima kuyajaribu: mimi, Fue, Blia, na mjukuu wangu mkubwa Pahoua, msichana wa miaka kumi na sita, maana Kiingereza changu kinaishia kwenye "asante" na "ghali sana." Muuzaji alikuwa bwana mmoja mkubwa mwenye mashavu mekundu, anaitwa Curt. Alinipa chupa ya maji akaniita bibi. Fue alikuwa amebeba vipimo vyake: magunia mawili ya mchele, kasha la barafu, sufuria letu la mvuke na makreti yangu ya mboga. Curt akasema wengine huja na mifuko ya gofu.

"Muulize," Blia akamwambia Pahoua, "nguruwe mzima ataingia?"

"Mama, siulizi hivyo!"

"Uliza. Mwaka mpya ukifika utambeba wewe mgongoni?"

Mtoto akauliza huku anatazama viatu vyake. Curt akajikuna kidevu. "Aliye hai au aliyechinjwa?" Hakuwa anatania, Kazoua. Mtu huyo amekulia shambani. Nikampenda papo hapo.

Magari yote mawili waliniweka nyuma. Kufika huko, kiti cha katikati kinainamishwa mbele, unajikunja, unaingia kama kuku anavyosukumwa tengani. Kisha kiti kinarudishwa, nawe umefungwa. Dirisha la huko ni dogo na halifunguki, na kioo chake ni cheusi. Uliye ndani unaona nje, aliye nje anaona uso wake mwenyewe.

Tuliingia na kutoka mara sita, mara hili mara lile, mpaka hata mimi sikujua tena niko kwa Sinzia au kwa Shangaa. Ile mara ya mwisho kandambili yangu iliingia chini ya kiti. Nikainama kuitafuta. Nilipoinua kichwa, kiti kimeshasimama, milango imefungwa, taa zimepepesa mara mbili. Wamefunga.

Fue alidhani niko na Blia. Blia alidhani nimebaki na Pahoua kwenye lile gari jingine. Pahoua alidhani nimekwenda chooni. Kama gari lingekuwa moja wangenitafuta ndani yake. Yalikuwa mawili, kila mmoja akaniweka kwenye lile ambalo hakulitazama.

Niliwaona, hatua kumi tu kutoka nilipo, wakipanga magunia kwenye buti la gari la pili, wakiyatoa, wakiyapanga tena. Blia alikuwa anacheka. Kisha wakaingia ofisini kunywa kahawa. Nikasogea kidogo, na gari likaanza kulia, wii, wii, wii! Fue akatokeza mlangoni mwa ofisi, funguo zote mbili mkononi, akabonyeza bila kutazama, likanyamaza. Akarudi ndani.

Nilikaa humo muda wa kupika wali mpaka uive na upoe. Hakukuwa na jua kali, hewa ilikuwepo, usinililie. Curt ndiye aliyeniona. Alikuja kutoa magunia, akaona kiganja kwenye kioo. Alikiinamisha kile kiti kwa nguvu mpaka kikapiga kelele, akanitoa kama mtu anavyotoa mtoto kisimani. Fue alikuja mbio, mweupe kuliko magari yake.

"Mama! Kwa nini hukupiga kelele? Kwa nini hukugonga?"

Nikamwambia nimegonga, kioo ni kinene. Nilimdanganya.

Kuanzia siku hiyo ndipo chakula kilipokataa. Fue alinipeleka hospitali. Daktari alinitoa damu, akanipiga picha mbavu, akasema moyo wangu ni wa msichana. Msichana gani huyo asiyekula? Basi Fue akamwita mzee Wa Chong, yule mganga wa ukoo wa mume wangu. Alirusha vile vipande viwili vya pembe ya nyati, akavitazama vilivyoanguka, akarusha tena. Akasema moja ya roho zangu imebaki pale niliposhtukia. Waende wakaiite wailete nyumbani, kabla haijazoea.

Hapo nyumba ikawaka moto. Imebaki kwenye gari lipi?

"Shangaa," Fue akasema. "Mimi ndiye niliyelifunga."

"Ulikuwa na funguo mbili mkononi," Blia akamwambia. "Ulifunga lipi?"

Fue akaja na wazo lake. "Basi likijulikana, tununue hilohilo. Tuilete roho ya mama nyumbani nalo."

"Ununue jela ya mama yako uje kuiegesha hapa mlangoni?"

"Tukinunua jingine, hilo atauziwa mtu mwingine! Roho ya mama itazunguka na wacheza gofu mpaka Wisconsin!"

Nilicheka, Kazoua, mara ya kwanza kwa siku kumi. Lakini yeye hakuwa anacheka. Mwanangu alikuwa amekaa chini jikoni na daftari lake la kulinganisha magari, upande huu vioo na matairi, upande huu buti na mafuta, na chini kabisa ameandika "mama" na alama ya kuuliza kila upande. Blia hapa ananiambia nisiseme kwamba Fue alilia. Haya, sijasema.

Pahoua alimpigia simu Curt. Sijui alimwelezaje. Ninachojua ni kwamba Curt alisema hatauza hata moja mpaka Jumamosi, na akauliza kama kuna chochote anachopaswa kuleta.

Jana tukaenda. Kuku kwenye boksi, yai juu ya bakuli la mchele, ubani, na lile shati langu jeusi la mikono ya bluu, ili roho ilitambue. Curt alivua kofia yake akasimama pembeni. Fue aliita kwenye mlango wa nyuma wa Sinzia, kwa sauti ya baba yake kabisa: "Njoo nyumbani, mama, wali umeiva, watoto wanakungoja, usikae kwenye baridi, njoo." Mzee Wa Chong akarusha pembe. Zikakataa. Akarusha tena, zikakataa. Tukahamia kwa Shangaa. Zikakataa mara tatu.

"Bado?" Curt akamnong'oneza Pahoua.

"Bado."

Yule bwana akaenda akafungua milango yote ya magari yote mawili, na mabuti, halafu akafungua na boneti. "Labda imeingia kwenye injini," akasema. Mungu ampe uzee mwema.

Haikuwa kwenye injini. Mzee Wa Chong aliokota pembe zake akazifuta kwa leso, akanigeukia. Akasema, "Dada, hapa hakuna kitu. Hukushtukia hapa. Hapa ulikumbushwa tu."

Nikamwambia Fue kwamba kama roho yangu haimo katika gari lolote kati ya haya mawili, basi linunuliwe lile ambalo naweza kutoka mwenyewe. Pahoua akachungulia, akaniambia, "Bibi, Sinzia lina kitufe mgongoni mwa kiti cha katikati. Aliye nyuma akikibonyeza, kiti kinainama chenyewe. Shangaa halina." Miezi miwili wanapima buti kwa vidole, na kitu hicho hakuna aliyekiona! Kwa nini wakione? Hawakai nyuma.

Nikasema, niingizeni. Fue hakutaka. Nikamwambia, nimekuzaa, niingize. Nikaingia, kiti kikarudi, mlango ukafungwa, wakasimama nje wananingoja, dirisha la mbele limeshushwa waone. Kitufe kilikuwa hapo, shibiri moja kutoka usoni kwangu, chekundu kama pilipili. Nilikuwa nakiona. Nikauambia mkono wangu, bonyeza.

Mkono ukapanda, ukaniziba mdomo.

Nikawa nimekaa hivyo. Wakaita, "Mama, bonyeza! Bibi, hapo, hapo!" Nilikuwa nawasikia. Sikuweza. Mpaka Blia akaingia mwenyewe kwa mbele, akapanda juu ya viti kama mbuzi na viatu vyake, akanishika huu mkono akauvuta taratibu.

Tulirudi nyumbani kwenye gari la kuazima, Blia amenishika mkono njia nzima. Leo asubuhi Fue na watoto wakiwa dukani, Blia aliniletea uji wa mchele akakaa karibu yangu. Hakuuliza kwa nini sikubonyeza. Aliuliza, "Mama, nani alikufundisha kuziba mdomo hivyo?"

Nikamwambia, lete kalamu. Anayepaswa kusikia hilo wa kwanza ni mdogo wangu.

Chue mwanangu, kama umesimama, kaa chini. Mshike mama yako mkono.

Kazoua, unalijua lile shimo la mihogo chini ya ghala letu la mahindi, kijijini kwetu cha zamani. Mama alikuwa akikuhadithia kwamba siku wale askari walipokuja alituficha humo sisi wawili, akatufunika kwa mbao na mahindi, yeye akabaki juu anawapikia. Na alikuwa anamalizia kwa kusema, Kazoua alikuwa mtoto mwema, alilala muda wote.

Hukulala.

Ulikuwa na miaka miwili. Ulilia mara tu mbao zilipofunikwa. Mama aliniambia neno moja tu kabla ya kufunika: akilia, tumekwisha wote. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi. Nikakuziba mdomo kwa mkono huu wa kulia. Uliniuma, nikakaza. Ulinipiga mateke, nikakulalia. Juu yetu nasikia viatu, nasikia mama anacheka cheko la uongo, anawaambia ongezeni mchuzi. Nikakaza. Baadaye ukaacha kupiga mateke. Ukawa mlaini kama nguo iliyoloa. Mimi sikuutoa mkono. Nisikie vizuri, Kazoua: nilijua umekufa, na sikuutoa mkono.

Waliondoka jua limeshuka. Mama alipoinua mbao, alikuchukua akakupulizia puani, akakugeuza kichwa chini akakupiga mgongo, na wewe ukatapika ukalia. Mama akaniambia, hajambo, alikuwa amelala. Aliniambia hivyo siku hiyo na kila siku mpaka alipofariki, ili mimi nisijue ninachokijua. Na mimi nilikubali, ili yeye naye apumzike. Nilikubeba mgongoni mwaka mzima baada ya hapo, hata ulipoweza kukimbia. Watu walisema, Youa anampenda mdogo wake. Nilikuwa nasikiliza kama unapumua.

Blia ameweka kalamu chini. Nimemwambia aichukue. Ameichukua.

Nilipoolewa na kuvuka mto kukimbia nchi, na wewe ukabaki huko na mjomba, nililia, lakini ndani kabisa nilipata nafuu ya kutokukutazama. Hilo nalo nimelisema. Unaweza kunikasirikia. Una haki, na mimi ni mtu mzima, hasira yako nitaibeba.

Sasa najua mimi mwenyewe roho yangu iko wapi. Wewe mama alikuinua akakupulizia, ukatoka mzima. Mimi nilipanda kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita. Nusu ya Youa imekaa humo shimoni miaka zaidi ya hamsini na mkono mdomoni. Gari halikufanya kosa lolote, maskini. Lilifunga mlango tu.

Fue ameshaamua ni Sinzia, kwa ajili ya kile kitufe. Watalichukua Jumanne, na Blia ameapa kwamba mimi nitakaa mbele, Fue akitaka nyuma aende yeye na shingo yake. Ni maneno mazuri. Lakini mbele au nyuma, nikiwaza mlango ule ukifungwa, mkono unaanza kupanda. Mpaka niitwe, gari lao siingii, na bila gari ni hapa nilipo, mimi na runinga na mlango wenye sauti ndogo. Na theluji inakuja.

Kwa hiyo nakuomba, mdogo wangu. Nenda ukaniite wewe. Mzee Wa Chong anasema anaweza kutuma mtu mwingine wa ukoo, nimekataa. Tulikuwa wawili mle ndani.

Bibi Chia amebeba shati langu, amelifunga kwenye mfuko wa bluu. Chue akupeleke kwa pikipiki yake. Ghala najua halipo tena, lakini lilikuwa kati ya kijito na lile jiwe lililopasuka, upande wa kunakochomoza jua. Chue, pita kwenye njia iliyokanyagwa na ng'ombe tu, na usichimbe chochote, yale mabomu ya zamani bado yamelala. Chukueni yai na bakuli la mchele, washeni ubani, tandazeni shati chini. Usiite "Youa." Niite lile jina la utotoni, lile la Panzi, maana huyo aliyeko chini hajui kama aliolewa, hajui kama amekuwa bibi. Mwambie askari wameondoka. Mwambie mtoto yu hai, ana magoti mabovu, ana wajukuu saba na ng'ombe mwekundu. Mwonyeshe uso wako, akuone unavyopumua.

Kisha mlete kwako kwanza, mpe wali, alale siku tatu, safari ya huku ni ndefu. Lifunge shati kwa uzi mweupe umpe Bibi Chia atakaporudi mwezi wa kwanza. Nitalivaa juu ya sweta zangu zote, nitakwenda kukaa kwenye gari lao, na nikifika sokoni nitamwambia muuza samaki wa kwanza kwamba samaki wake wananuka.

Na utakapokuwa pale unaniita, Kazoua, usiite kwa unyenyekevu kama watu wa kanisani. Piga kelele. Piga zile zote ambazo sikukuacha uzipige.

Nisalimie Chue na mkewe, waambie huyo mtoto wa mwisho wamnyoe nywele kabla hazijamfunika macho. Msalimie mjomba kama bado anasikia, na kama hasikii mshike bega, atajua ni mimi. Fue, Pahoua na wadogo zake wanakusalimu. Blia naye anakusalimu, machozi yake ndiyo yaliyovuruga wino hapo juu, si mvua. Wazee wetu wakulinde mlangoni na njiani, mpunga wako ukauke vizuri, na pumzi yako iwe ndefu.

Ni mimi dada yako, niliyekubana na niliyekubeba, nakupenda kwa mikono yote miwili,

Youa Lor